Akiba ya uzeeni: ya watoto au ya chuo?

Mwaka 1995, mjini Hattiesburg, Mississippi, Oseola McCarty alikaa na ofisa wa benki kupanga mali yake itagawanywaje akifa. Mama huyo mweusi alikuwa dobi maisha yake yote; aliacha shule darasa la sita ili amuuguze jamaa yake. Ofisa akamwekea mezani sarafu kumi, kila moja fungu moja la akiba. Moja akalipatia kanisa, tatu akawapa ndugu, sita akakipa Chuo Kikuu cha Southern Mississippi. Sita zile zilikuwa kama dola 150,000. Chuo hicho hakikupokea wanafunzi weusi mpaka miaka ya 1960, yeye akiwa mtu mzima wa makamo.

Leo vyuo vya Marekani huwaendea wazee kwa hoja ambayo McCarty hakuihitaji: kodi. Pesa za akaunti ya kustaafu iitwayo IRA, ile ya kawaida, huwekwa kabla ya kutozwa kodi ya mapato, na serikali hudai chake zinapotolewa. Lakini tangu 2006 aliyetimiza miaka 70 na nusu anaweza kuagiza pesa ziende chuoni moja kwa moja, zisihesabiwe kuwa kipato chake. Kikomo cha 2025 kilikuwa dola 108,000. Zikipitia mkononi mwake kwanza, nafuu hiyo imepotea.

Utamu zaidi uko kwenye mirathi. Kwa sheria ya 2019, mtoto mtu mzima akirithi IRA lazima kwa kawaida aimalize ndani ya miaka 10, na kila anachotoa ni kipato cha kutozwa kodi, pengine katika miaka anayopata mshahara mkubwa kuliko yote. Chuo hakitozwi. Nyumba nayo hurithiwa kwa thamani ya siku ya kifo, kwa hiyo ongezeko la bei la miaka ya nyuma halimfuati mrithi. Ndiyo maana washauri husema: nyumba kwa watoto, IRA kwa chuo. Kwa mwenye vyote viwili, na aliyekwisha kusudia kutoa, sioni kasoro katika hesabu hiyo.

Tatizo langu ni pesa zinakoishia. Kodi inayosamehewa ni mali ya umma, na anayeamua itumike wapi ni mwenye akiba peke yake. Mwaka 2024 mfuko wa Harvard ulikuwa na dola bilioni 53.2, wakati vyuo vidogo vinahangaika kulipa walimu. Bunge lenyewe, mwaka 2025, lilipandisha hadi asilimia 8 kodi ya mapato ya mifuko ya vyuo tajiri kabisa, huku likiacha wazi mlango wa sadaka hizi. Nisingeufunga mlango huo, maana chuo cha jimbo cha Mississippi nacho hupitia humo humo. Ningemwomba mtoaji aangalie chuo chenye njaa kabla ya chuo chenye jina.

Na uzee wenyewe una gharama. Bima ya wazee ya serikali, Medicare, hailipii kukaa kwa miaka katika nyumba ya kutunzia wazee, na pesa iliyokwisha kwenda chuoni hairudi. Kwa asiye na hakika ya afya yake, bora akiandike chuo kuwa mrithi wa sehemu tu ya akaunti. Hilo anaweza kulibadilisha wakati wowote akiwa hai. Mwislamu ana swali la ziada: wosia wake hauvuki theluthi, ila anachotoa akiwa hai na mzima wa afya hakifungwi na mpaka huo.

Kwa ndugu zetu waliozeekea Marekani na wanaotamani kukumbuka vyuo vya nyumbani, njia hii haifiki Dar es Salaam moja kwa moja. Nafuu hutolewa kwa sadaka iliyokwenda kwenye taasisi inayotambuliwa na sheria ya kodi ya Marekani, kwa hiyo lazima ipatikane taasisi ya huko ya kuzifikisha.

Lolote utakaloamua, kaitazame fomu ya mrithi ya akaunti yako. Hiyo ndiyo inayofuatwa, si wosia. Kama miaka 20 iliyopita uliandika jina la ndugu mmoja ukasahau, huenda huyo ndiye atakayelipwa, hata kama wosia wako unakitaja chuo.