Kava limepasuka: uliunge au ununue lingine?

Pikipiki ikilala chini, hata kama ulikuwa mwendo wa kobe unakata kona ukateleza kwenye mchanga, kinachoumia baada ya wewe mwenyewe ni plastiki. Kava la pembeni linapasuka, indiketa inang'oka, na lile sikio la kupitishia skrubu linabaki barabarani. Alafu ndo ushauri unaanza, huyu anakwambia nunua jipya usijitese, yule anakwambia ni ujinga kutupa hela wakati gundi ipo, na wote wanaongea kwa uhakika utadhani wao ndo walioiunda hiyo pikipiki.

Mi nimeshakaa pande zote mbili. Na naona wengi wanabishana kabla hawajageuza hilo kava.

Ligeuze uangalie kwa ndani, mara nyingi kuna herufi ndogo zimechorwa kwenye plastiki yenyewe, ABS au PP. Hizo herufi zinaamua nusu ya kesi. ABS ni ile ngumu, na asetoni inaiyeyusha (ile ya kutolea rangi ya kucha, ila iwe safi isiyochanganywa na mafuta), na hiyo ni habari njema kwako, manake unachukua vipande vilivyovunjika vya ABS hiyohiyo unavikatakata kwenye chupa ya glasi, unamimina asetoni, unaacha usiku kucha, asubuhi unakuta uji mzito ambao ukikauka unarudi kuwa plastiki. Yaani ufa haujabandikwa, umeungana. PP ni ile laini inayopinda, utaikuta sana kwenye madigadi na makava ya pikipiki za matopeni, ngozi yake ni kama ina mafuta, gundi nyingi haziing'ang'anii, paka supagluu leo, kesho inabanduka kama ganda la karanga. Hiyo inataka moto, uichomelee kwa plastiki ya PP mwenzake, ukiweka ABS juu yake haishiki. Kwahiyo anayesema gundi ni uongo na anayesema gundi iko poa wanaweza wote kuwa wakweli.

Kuunga kwenyewe sio kazi ya miujiza ila ina adabu yake. Pale ufa unapoishia toboa kitundu kidogo, kama milimita 3 hivi, la sivyo ufa utaendelea kutembea ndani ya rangi mpya. Chimba mfereji kufuata ufa kwa upande wa ndani, lalisha wavu mwembamba wa chuma, uuzamishe kwa kile chuma cha moto cha mafundi redio mpaka plastiki iufunike. Fanyia nje bwana, ule moshi sio wa kuvuta.

Upande huu wa kuunga unaonekana rahisi mpaka ufike kwenye rangi, na hapa nawapa haki watu wa "nunua jipya". Plastiki inaungwa jioni moja, rangi inakula siku. Puti, msasa, praima, rangi, klia (ile ya juu kabisa isiyo na rangi), na puti ya kawaida ya bodi ya gari ni ngumu mno kwa kitu kinachotikisika, inatoka mistari ya nyufa. Ile klia ya kuchanganya na hadena, dawa ya kuigandisha, ndo usiseme, ina kemikali za kuharibu mapafu, kitambaa puani hakisaidii, inataka maski yake. Rangi ikiwa ya kumetameta hata ukiwa na namba yake bado inaweza kutofautiana kidogo. Ukijumlisha na hela ya mpiga rangi unaweza kukuta akiba yote imeishia hapo.

Sasa jipya. Ukipata orijino, limekuja na rangi yake, matundu yake yanakaa, unafunga skrubu unaondoka. Ila hata hilo halifanani na mwenzake wa upande wa pili aliyepigwa jua miaka kadhaa, na kwa pikipiki ya zamani unaweza usilipate kabisa. Feki ndo tatizo langu kubwa, linang'aa kwenye picha, likifika tundu moja limepishana milimita chache, unalivuta kwa nguvu likae, na plastiki iliyofungwa imevutwa inapasuka palepale kwenye sikio. Kwangu mimi kava la mtumba la orijino, lenye mikwaruzo lakini masikio mazima, linalishinda jipya la feki kila siku.

Ila hata orijino haikuokoi ukiwa na haraka kama mimi. Nilinunua kava la kushoto jipya kabisa, nikafunga skrubu ya juu, ya chini ikagoma, tundu linaonekana nusu tu. Nikalisukuma kwa goti likaingia, nikajisifu. Wiki haikuisha sikio limekatika. Kumbe ule mkono wa chuma unaolishikilia ulikuwa umepinda kuja ndani, kama upana wa kidole, na zile raba ndogo za kwenye matundu nilikuwa nimezirusha na kava la zamani. Zile raba zina kazi, ndo zinafanya kava lielee kidogo injini ikitetemeka. Kwahiyo kabla hujabishana uunge au ununue, nyoosha kwanza kinacholishika, na kama usukani umekaa upande wakati tairi limenyooka, sahau plastiki kwanza, angalia shokapu za mbele na fremu.

Kuna vitu siungi hata nikipewa bure. Madigadi ya mbele iliyokatika sehemu ya kufungia, manake ikichomoka iko sentimita chache tu juu ya tairi linalozunguka. Kioo cha taa chenye ufa, maji yataingia tu. Na tenki la chuma linalovuja usimpe fundi wa welding aliyesema "si tumelimwaga mafuta lote", tenki tupu ndo baya zaidi, mvuke wa petroli ukichanganyika na hewa unalipuka, lazima lioshwe na mvuke utolewe kabisa, na afanye mtu anayeijua hiyo kazi. Tenki lenye kibonyeo tu bila kuvuja, hilo ni urembo, kaa nalo hata mwaka.

Mwenye bima asiguse kitu kabla hajapiga picha na mkaguzi hajaona, na asishangae pikipiki inayowaka na kutembea ikihesabiwa haifai kutengenezwa, bei za makava mapya zikijumlishwa zinafika huko haraka.

Lile kava langu sikununua la tatu. Niliokota sikio lililokatika, nikalirudisha kwa uji wa asetoni, nikaunyoosha ule mkono, nikatafuta raba. Kwa ndani lina kovu baya kama la operesheni, na bado lipo.