Tupime maji ya Winam alasiri, upepo ukivuma

Maji ya ziwa karibu na Kisumu yakigeuka kahawia, lawama zote humwendea mto: Nyando imeleta udongo, huko juu watu wamekata miti. Ni kweli, udongo mwingi hutoka huko. Lakini maji huchafuka hata kiangazi, mito ikiwa imepungua. Hapo wa kutazamwa ni upepo.

Ziwa Victoria lina kina cha hadi mita 80 hivi, ila ghuba ya Winam upande wa Kisumu ni mita chache tu. Asubuhi maji hutulia. Mchana upepo wa ziwani hushika kasi kutoka magharibi na kusukuma mawimbi kuelekea mjini. Msukosuko wa wimbi hushuka hadi nusu ya umbali kati ya kilele na kilele: mawimbi yaliyoachana mita 10 hugusa mita 5 chini. Penye mita 2 au 3, tope litatuliaje? Chota maji hayo kwenye chupa uyaache. Mchanga hushuka papo hapo, lakini ile rangi ya chai ya maziwa bado utaikuta usiku, kwa sababu udongo mfinyanzi laini huzama polepole mno.

Tope hilo limehifadhi fosforasi ya miaka mingi, ya mbolea na maji taka. Likitibuka, sehemu yake hurudi majini ikalisha mwani. Ziwa Okeechobee, Florida, lenye kina cha wastani kisichofika mita 3, lilionyesha hivyo baada ya vimbunga Frances na Jeanne mwaka 2004, kisha Wilma 2005: tope lilivurugwa, fosforasi ikapanda, na mimea ya chini ikakosa mwanga.

Kwa hiyo sampuli ya saa tatu asubuhi peke yake hunipa wasiwasi. Naomba wanaopima ghuba warudi palepale saa kumi alasiri, na waandike kasi ya upepo kando ya kila kipimo.

Na mafunjo, jamani! Mashina yake huvunja mawimbi, mizizi hushika tope. Kuyafyeka ili kupata kiwanja au shamba ni kuufungulia upepo mlango, na hilo hunikasirisha. Yaliyobaki Dunga, kinamasi kilicho kando ya Kisumu, yasiguswe. Palipofyekwa yapandwe upya, kabla hatujaanza kuzungumzia mitambo ya kuchimba tope, ambayo nayo hulitibua.