Ukimsahihisha mtu Kiingereza mwambie na kosa limetokea wapi

Juzi kijana mmoja anayeuza samaki aina ya sato pale mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, alinionesha meseji aliyomtumia mteja wake wa Nairobi, "Did you received the fishes?", akaniambia ticha kuna jamaa kaiona hii akanicheka mbele ya watu, anasema nina makosa mawili kwenye sentensi moja, sasa mbona mteja alinielewa na hela akatuma? Mimi nafundisha tuisheni ya Kiingereza jioni huku Nyakato na hilo swali limenikaa kichwani wiki nzima, maana huyo dogo ana hoja na aliyemcheka naye ana hoja.

Tuanze na dogo. Mzigo ulifika, akaulizia, akajibiwa, pesa ikaingia. Ukimkata mtu maneno kila sentensi ataacha kuongea kabisa, nimeona wanafunzi wangu wengi tu, anakuja na maneno mdomoni anaondoka kimya. Halafu na anayesahihisha si kwamba kila mara yuko sawa. Hilo neno "fishes" kwa mfano, ukiongelea samaki wengi wa kawaida unasema "fish", sawa, lakini watafiti wa ziwa letu la Victoria wakiongelea aina mbalimbali, furu wa aina hii na ile pamoja na sangara na sato, wanaandika "fishes" na ni Kiingereza safi kabisa. Kuna hata ile kanuni ya kutomaliza sentensi na "to" au "with", mshairi wa Uingereza John Dryden alilalamikia jambo hilo mwaka 1672 na mpaka leo kuna mwalimu anakata maksi, wakati Waingereza wenyewe wanasema "Who are you talking to?" kila siku.

Ila siwezi kukubali kwamba tuache tu kila mtu aongee atakavyo. Watoto wetu wengi wanasoma msingi yote kwa Kiswahili, wakiingia form one karibu masomo yote yanageuka Kiingereza ghafla, na huko hakuna wa kumwambia msahihishaji kwamba we si umenielewa. Na kuna makosa ambayo yanageuza maana kabisa. Kiswahili tunasema "niazime kalamu" na pia "nimeazima kalamu kwa Juma", neno ni moja, anayetoa na anayepokea wote wanaazima, ndio maana mtu anasema "I will borrow you my boat" akidhani amemwambia mgeni kwamba atampa mtumbwi, kumbe alitakiwa kusema "lend". Sasa hapo kwenye biashara mnaweza kugombana. Au mtu amempeleka mke wake hospitali akakuta daktari mgeni, anaeleza "my wife is sick, he was vomiting", daktari anabaki anajiuliza aliyetapika ni mama au kuna mtoto wa kiume nyumbani. Kiswahili "yeye" ni yeye tu, na Kisukuma hivyo hivyo, hakuna wa kiume wala wa kike, kwa hiyo huyo mtu si mjinga, lugha yake haijawahi kumdai kitu hicho.

Na hapa ndipo ninapokwazika na walimu wenzangu kiukweli. Tunapiga mstari mwekundu basi, hatusemi kosa limetokea wapi. Chukua "did you received". Kiswahili tunasema "nilienda", wakati uliopita uko kwenye -li-, lakini ukikanusha unasema "sikuenda", ile -li- imeondoka kwa sababu kazi yake imechukuliwa na -ku-, hakuna mtu Mwanza nzima atakayesema "sikulienda". Kiingereza nacho kinafanya vivyo hivyo, "did" ikishabeba wakati uliopita kitendo kinarudi mtupu, "receive", "go", "see". Ukimweleza mtu hivyo dakika mbili tu anaelewa, tena anaona anakijua tayari kutoka kwenye lugha yake.

Kwa hiyo mimi msimamo wangu ni kwamba "borrow" na "he" nitasahihisha hapo hapo ila pembeni, sio mbele ya wateja wake. "Me I think" mtu akiongea na rafiki zake namwacha, akiandika barua ya kazi namwambia atoe hiyo "me". "I hear a bad smell" inatokana na nasikia harufu, hiyo naieleza tukiwa darasani bila haraka.

Yule dogo nilimwonesha hiyo ya "sikuenda" pale pale juu ya ndoo ya samaki, akanitungia sentensi tatu mwenyewe zote sawa. Na "fishes" nikamwambia aandike "fish", maana mzigo wake wote ulikuwa sato.