Mapigo Yasiyohesabiwa

Bondia anapoangushwa, refa humhesabia hadi kumi. Lakini mapigo ninayoyahofia zaidi ni yale madogo ya kichwani ambayo hayamwangushi mtu wala kusimamisha mchezo.

Mwaka 1928, daktari Harrison Martland wa Marekani alieleza hali ya mabondia waliotembea kama walevi ilhali hawakuwa wamelewa. Dalili zilianza polepole: hatua zikayumba, mwendo ukawa mzito, mikono ikatetemeka, na kwa baadhi yao akili nayo ikafuata. Kwa miaka mingi maradhi hayo yalichukuliwa kuwa ya mabondia tu, hadi mwaka 2002 alipofariki Mike Webster, mchezaji wa futiboli ya Marekani (mchezo wa kukabana kwa nguvu, si soka) aliyekuwa na umri wa miaka 50, na mwanapatholojia mzaliwa wa Nigeria, Bennet Omalu, akakuta protini ya tau, ambayo ni alama ya maradhi hayo, imejilimbikiza ndani ya ubongo wake. Mwaka huohuo alifariki Jeff Astle, mshambuliaji wa Uingereza aliyesifika kwa mabao ya kichwa, na uchunguzi rasmi wa kifo chake ukaamua kwamba alikufa kwa maradhi yaliyotokana na kazi yake. Astle hakuwa akipigana na mtu. Alikuwa akipiga mpira.

Utafiti wa Scotland wa mwaka 2019 ulionyesha kwamba waliokuwa wanasoka wa kulipwa walikufa kwa magonjwa ya kudhoofika kwa ubongo kwa kiwango cha mara tatu na nusu ya watu wengine, ingawa maradhi ya moyo yaliwaua kwa uchache zaidi (jambo ambalo sisi wapenzi wa mpira hukimbilia kulitaja kwanza). Hata hivyo, ni lazima takwimu zisomwe kwa uangalifu. Mwaka 2017 ilitangazwa kwamba ubongo wa wachezaji 110 kati ya 111 wa ligi kuu ya futiboli ya Marekani ulikuwa na maradhi hayo. Lakini zilikuwa bongo zilizotolewa kwa hiari, nyingi na familia zilizokwisha kuona dalili, na maradhi yenyewe huthibitishwa baada ya kifo tu.

Kwa kuwa madhara hujijenga kwa wingi wa mapigo na urefu wa miaka ya kucheza, sioni sababu ya mjadala kuishia kwenye mechi, ambako tayari kuna refa, kamera na daktari. Vichwa vingi hugongwa mazoezini, ambako kocha peke yake ndiye anayeamua mpira upigwe kwa kichwa mara ngapi na wachezaji wakabane kwa nguvu siku zipi. Shirikisho la soka la Marekani lilianza kuwazuia watoto wa miaka 10 na chini kupiga mpira kwa kichwa baada ya mwaka 2015. Kwa watu wazima, ningeanza na daftari la kocha la mazoezi.