Kabla ya mashine ya pili, mpeleke mkataji darasani

Kuanzia Oktoba mpaka wiki ya pili ya Januari, karakana yetu ya Temeke haina Jumapili. Tunashona sare za shule: mashati meupe, kaptula na sketi za bluu za msingi, sketi za marinda za sekondari. Tupo 14. Miaka mitatu mfululizo msimu ulituzidi nguvu, tukarudisha pesa kwa wazazi waliokuja na risiti mkononi na mtoto pembeni, na kila mara niliamini kwamba tatizo ni mashine ya matundu ya vifungo. Tunayo moja tu, na mashati yalikuwa yakipanga foleni mbele yake tangu saa nane mchana hadi usiku. Nikaanza mazungumzo ya mkopo ili ninunue ya pili.

Kabla mkopo haujatoka, jirani mwenye duka la vitambaa alinikutanisha na mzee mstaafu aliyewahi kufanya kazi Urafiki, kile kiwanda cha nguo cha Ubungo kilichojengwa kwa msaada wa China miaka ya 1960, kisha akasimamia ushonaji sehemu nyingine kwa miaka mingi. Nilimwamkia, nikamwonyesha mashine, nikamweleza shida yangu. Hakutoa ushauri wowote. Aliomba kiti, akakaa karibu na meza ya kukatia kwa siku mbili, na saa yake ya mkononi na daftari la shule. Siku ya tatu akaniita.

"Mwanangu, hii mashine inakaa bure tangu asubuhi mpaka saa nane. Halafu mashati yote yanaifikia kwa mkupuo. Ukinunua ya pili, zitakaa bure zote mbili."

Mashati yalikuwa yanakwama kwenye kola. Katika mafundi saba wa cherehani, wawili tu ndio waliokuwa wanaweza kugeuza kola ncha zikatoka kali na zikalingana. Waliobaki walishona, wakafumua, wakarudia, au wakaweka shati pembeni kusubiri mmoja wa wale wawili apate nafasi. Mimi nilipita katikati ya marundo hayo kila siku na sikuyaona kama tatizo, kwa sababu yalikuwepo tangu tulipoanza. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji ameshazoea nyumba yake.

Mkopo sikuuchukua. Kwa wiki tano, kila siku kuanzia saa tisa alasiri, wale mafundi wawili waliwafundisha wenzao watano kola peke yake, mzee akisimama nyuma yao. Walitumia vipande vya tetroni vilivyobaki. Msimu uliofuata mashati yalianza kuifikia mashine ya matundu saa tatu asubuhi, na Januari ile hatukurudisha pesa ya mzazi hata mmoja.

Mzee hakuishia hapo. Alimtazama mkataji wetu, kijana mwenye mkono mwepesi ambaye ufundi aliupata kwa mjomba wake barazani, akiwa mdogo. Alikuwa anachora kwa chaki saizi moja moja, akimaliza zote za darasa la kwanza ndipo anahamia za darasa la tatu. Kati ya kwapa na kwapa palibaki nafasi zisizotosha kitu, na nafasi hizo ni kitambaa nilichokilipia Kariakoo. Pia alikuwa anatandaza jora na kulikata papo hapo. Jora linakuja limekazwa, na ukilivuta unapotandaza linarefuka kidogo. Ukikata hapo hapo, vipande vinajirudi baadaye, mkono mmoja unakuwa mfupi kuliko mwenzake. Mzee alisema kitambaa kikitandazwa jioni kiachwe kilale, kikatwe asubuhi. Ushauri huo haukutugharimu hata shilingi, na malalamiko ya mikono kupishana yalipungua sana.

Suala la kuchora lilihitaji darasa. Nilimlipia mkataji kozi fupi ya upangaji na ukataji, na aliporudi alianza kuchora mpango mzima kwenye karatasi, kola za watoto wadogo zikiingia kwenye mapengo ya saizi kubwa. Jora la mita 50 lililokuwa linatupa mashati 46 sasa linatupa 51 au 52. Mwenye karakana yeyote apige hesabu yake mwenyewe: kwenye sare, kitambaa ndicho kinachokula pesa kuliko kitu kingine chochote.

Hapa ndipo nina neno na wenzangu, na pia na wanaotuandalia mafunzo. Nimehudhuria semina nyingi za wajasiriamali hapa mjini. Tunaoitwa ni sisi wamiliki. Tunafundishwa kuandika mpango wa biashara, tunapiga picha, tunarudi na vyeti. Mkataji, ambaye mkasi wake unagusa kila mita ninayonunua, hakuwahi kualikwa hata mara moja. Kuna mshauri mmoja niliyemlipa zamani akanitengenezea andiko nene la kupeleka benki, na hakuwahi kuingia ndani ya karakana, tulikutana mgahawani. Sitamlipa tena mshauri ambaye hajasimama kwenye sakafu yangu angalau kwa siku nzima.

Kwa sababu hiyo nazipenda njia za keizeni, yaani zile za Kijapani za kuboresha kazi kidogo kidogo, ambazo wizara yenye dhamana ya viwanda imekuwa ikizieneza kwa viwanda vidogo ikishirikiana na JICA, shirika la Japani la ushirikiano wa kimataifa. Zile S tano (sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia), ambazo wengi wetu tuliziona kwanza kwenye kuta za hospitali, zinafundishwa pale pale kazini, na anayefagia anafundishwa pamoja na bosi. SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, nalo lipo tangu 1973, na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi kwa fundi aliyejifunzia mtaani, akapimwa na kupewa cheti. Wamiliki tuwapeleke watu wetu huko, tusijipeleke sisi tu.

Najua jibu mtakalonipa: ukimfundisha ataondoka. Ni kweli, anaondoka. Fundi wangu bora wa kola aliondoka Novemba, katikati ya msimu, akafungua kibanda chake Mbagala. Iliniuma, na wiki mbili zile zilikuwa ngumu. Lakini wale wengine walikuwa wameshajua kola, ndiyo maana tulivuka. Kama ningekuwa bado na wawili tu, kuondoka kwake kungetufungia mlango. Leo oda zikinizidi namtumia yeye, kwa sababu naijua kola yake.

Halafu tayari tunalipia mafunzo, tutake tusitake. Mwenye wafanyakazi 10 au zaidi analipa tozo ya kuendeleza ujuzi, SDL, ambayo Julai 2023 ilishushwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5 ya mishahara, na sehemu yake huenda VETA. Nawajua wenzangu wanaokataa kuajiri mtu wa kumi kwa kuikwepa. Mimi nalipa, na naona ni haki yangu kupeleka fundi wangu darasani na kudai afundishwe kitu kinachofanana na kazi yake. Kozi inayofundisha gauni la mtu mmoja kwa fundi anayeshona mashati 300 ya aina moja haimsaidii, na wanaopanga mitaala wanapaswa kulisikia hilo kutoka kwetu.

Jambo lililonisumbua kuliko yote sikuliona mimi wala mzee. Aliliona dada wa vifungo. Mafundi wetu wanalipwa kwa pisi, yaani kwa kila kipande wanachomaliza. Saa moja ya darasa la kola ilikuwa saa moja bila pisi, na wiki ya kwanza mmoja alianza kutoroka saa tisa kamili. Nilimdhania mvivu, nikamsema vibaya mbele ya wenzake. Dada wa vifungo alinifuata jioni: "Dada, yule analipa kodi ya chumba kwa hizo pisi." Kesho yake nilimwomba radhi, mbele ya wenzake vilevile, na tangu siku hiyo saa ya mafunzo inalipwa kwa wastani wa pisi za wiki iliyotangulia. Sasa Jumamosi mkataji anawafundisha vijana wawili kuchora kwenye karatasi, na wote watatu wanaingia kwenye daftari la malipo.