Nilivyokosa dhamana kwenye jela niliyoibuni mwenyewe

Ile klipu yangu nikiwa kwenye jela ya maboksi mmeiona. Msijifanye. Tangu jana asubuhi hakuna aliyeniita kwa jina langu, ni "mahabusu" mwanzo mwisho, hadi na mlinzi wa geti. Aliyeirusha ni mwenzangu wa chumba, na ameikata pale panapomfurahisha yeye. Sasa naleta habari kamili. Hainisafishi hata kidogo, lakini angalau mtacheka kwa mpangilio.

Kikundi chetu cha kujitolea kilikuwa kinatafuta hela ya mashine ya nukta nundu, zile za Perkins zenye vitufe sita, kila nukta na kitufe chake, kwa ajili ya shule tunayokwenda kusoma na watoto wasioona. Kikao cha kutafuta mbinu kikawa kirefu. Mmoja akaleta wazo la kujimwagia ndoo za maji ya barafu, akatukumbusha kwamba mwaka 2014 zilikiingizia chama cha Marekani cha ALS, ule ugonjwa wa neva unaodhoofisha misuli, zaidi ya dola milioni 115. Tukamwambia ndoo zipo, wa kututazama tukilowa ndio hawapo. Mwingine akasema tucheze muziki kama wanafunzi wa chuo kikuu cha Penn State cha Marekani, walioanza mwaka 1973 na siku hizi wanakwenda saa 46 bila kukaa wala kulala. Kikundi chetu hiki? Kikao cha saa moja tu watu wanakaa na wanalala! Kufuga masharubu ya hisani, kama wale jamaa wa Melbourne walioanza kufuga mwaka 2003 na kuchangisha mwaka uliofuata, nilikupinga mimi mwenyewe. Nikipewa mwezi mzima natoa nywele tisa, na hizo tisa hazifahamiani.

Ndipo nikasimama (kumbukeni, nilisimama) nikapendekeza jela.

Jela ya hisani ni mchezo wa zamani. Unalipa, mtu unayemtaka anakamatwa, anasomewa shtaka, anawekwa ndani dakika kumi, na rafiki zake wakichanga dhamana anatoka. Ningeishia hapo leo ningekuwa mtu wa heshima. Lakini kiherehere kikanipanda, nikaongeza makopo mawili: moja ATOKE, jingine ABAKI. Ukiweka hela kwenye ATOKE unampunguzia mtu dakika, ukiweka kwenye ABAKI unamwongezea. "Ushindani ndio unaoleta hela," nikawaambia. Wakapiga makofi. Sasa hivi ndiyo naelewa yale makofi.

Jambo jingine mlijue: mimi ndiye mweka hazina. Ni yule mtu anayekuuliza risiti ya nauli, ya karatasi, ya kalamu moja. Nimewahi kumrudishia mwenyekiti fomu mara tatu kwa sababu aliandika "mimi" mahali pa jina kamili. Kwa hiyo nilipokamatwa wa kwanza, shtaka likisomeka "kudai risiti bila huruma", nilicheka kuliko wote. Nikaingia mwenyewe kwenye selo, ambayo ni maboksi mawili ya friji yaliyounganishwa kwa gundi ya karatasi na kutobolewa kidirisha. Niliingia na mkoba wa chenji kiunoni, maana kanuni, yangu pia, inasema hela ya kikundi haishikwi na mtu mwingine. Mfungwa ndiye benki. Endeleeni kucheka.

Dakika ya nne akaja yeye. Yule dada wa maktaba, ninayekaa naye benchi moja tangu muhula uanze, mnaomjua mnamjua. Watu wote uwanjani wakanyamaza, kitu ambacho kingenishtua kama ningekuwa na akili wakati ule.

Akainama kwenye kidirisha. "Samahani kaka, una chenji?"

Ninayo! Nikapokea noti yake kubwa, nikahesabu ndogondogo, vidole vinatetemeka, nikazinyoosha kabisa zisiwe na mikunjo. Akachomoa noti moja. Akaikunja mara mbili, taratibu. Akageukia makopo, yaliyokuwa hatua moja tu kutoka puani kwangu. Mkono ukaja juu ya ATOKE. Ukasimama pale. Naona kucha, naona noti, naona maisha yangu yakinyooka. Nikasema kwa sauti ambayo klipu imeinasa vizuri mno: "Asante sana, kwa kweli sikutegemea."

Mkono ukaendelea na safari.

Ukapita shingo ya kopo la kwanza, ukavuka ile nafasi katikati, na noti ikazama ABAKI bila hata kugusa ukingo. Na kweli, sikutegemea.

Mwenzangu wa chumba amekata klipu hapo. Hamkuona kilichofuata, na hicho ndicho kilichonimaliza.

Akarudi dirishani. "Naomba risiti."

Kitabu cha risiti ninacho nani? Mimi. Nikakiweka kwenye goti, nikajaza tarehe, nikajaza kiasi, nikafika kwenye mstari wa "Malipo ya". Nikaandika: mimi kubaki ndani. Akaisoma, akanirudishia kupitia dirishani. "'Mimi' ndiye nani? Andika jina kamili."

Uwanja ulilipuka. Jamani, kuna mtu alilala chini kabisa.

Baada ya hapo foleni ilifika lango kuu, kila mmoja na mkoba wake wa kisasi. Mwenyekiti alilipa mara tatu, moja kwa kila fomu. Mhadhiri wangu wa uhasibu alilipa, akataka risiti, akasahihisha risiti. Nilitumikia dakika 194, na chooni nilikwenda chini ya ulinzi. Mashine imenunuliwa, na hela ya karatasi zake nzito imebaki. Dada bado anakaa benchi lile lile. Mimi nimehamia ghorofa ya juu, kwenye majarida ya zamani, hewa ni nzuri.

Jana usiku nilikuwa nafunga hesabu. Nilishindwa kuziita hizo hela jina lolote la heshima, nikaandika "Michango mingineyo", nikapeleka daftari kwa mkaguzi wetu wa ndani. Limerudi asubuhi hii. Kwenye ule mstari kuna duara la kalamu nyekundu na neno moja tu: "Fafanua."