Mwenyekiti Alivyosimama Dakika Moja Kujiombolezea

Kwa kuwa dereva wetu amekwisha kulisambaza tukio la Alhamisi katika makundi yote ya WhatsApp kuanzia Chamwino hadi Bahi, naona ni haki yangu kueleza lilivyokuwa kabla halijaongezewa jeneza. Toleo lake linadai kwamba mimi ndiye niliyeongoza sala. Huo ni uzushi mtupu. Mimi niliitikia amina tu.

Mnaonifuatilia hapa mnajua kwamba ukalimani si kazi yangu. Mkalimani tuliyemtegemea alipata dharura, na wageni wetu kutoka Uingereza, mama mmoja wa makamo na kijana wake wa kuandika kumbukumbu, walikuwa wamekwisha kushuka garini huko Hombolo kuwatembelea wakulima wa zabibu na Mwenyekiti wa ushirika wao. Macho yote yakanigeukia.

Naomba nieleze mkakati wangu, maana sikubahatisha. Wakati uliopo wa Kiingereza una mtego: ukimzungumzia mtu mmoja asiye mimi wala wewe, kitenzi lazima kiongezewe "s", na hiyo "s" imenidhalilisha mbele za watu tangu sekondari. Hali timilifu nayo inadai "has" au "have" pamoja na umbo la tatu la kitenzi, lile la mwisho katika "go, went, gone" ambayo wengi wetu tuliikariri huku fimbo ikiwa mezani. Wakati uliopita, ndugu zangu, haubagui mtu: mimi "went", wewe "went", Mwenyekiti "went", kijiji kizima "went". Nikaamua kwamba siku hiyo kila kitu duniani kitakuwa kimekwisha kutokea.

Shambani mambo yalikwenda vizuri, au ndivyo nilivyodhani. Nilieleza kwamba Dodoma ilivuna zabibu mara mbili kwa mwaka, kwamba jua lilikuwa kali na kwamba wakulima waliipenda kazi yao. Kijana aliandika yote, kisha akaniuliza kwa upole ni janga gani lililoyapata mashamba. Nikamwonyesha mashada yaliyokuwa yakining'inia mbele ya pua yake. Akazidi kuchanganyikiwa, nami nikamhurumia.

Ndipo mama akauliza alipo Mwenyekiti. Mzee alikuwa amedamka kwenda mjini kufuata kipuri cha pampu ya maji, na angerejea kabla ya chakula. Kwa mtu anayeshikilia cheo tangu miaka ya nyuma na bado anacho, Kiingereza hutaka "has been". Nilipoiona hiyo "been" inanisubiri mbele, nikakata kona. Nikasema Mwenyekiti "was" mtu mwema. Nikaeleza, yote kwa wakati uliopita, kwamba aliwapenda watu, alikuwa na ekari nne, na aliishi katika nyumba ile yenye bati jipya. Halafu nikashusha sauti kwa heshima, kwa sababu yeye ni mkubwa wangu, nikamalizia: "He left us this morning."

Mama akashika kifua. Akauliza jambo lililoanza na "had he been", nikalidaka neno la kuugua. Mtu makini angejiuliza kwa nini ametumia "had", kwa maana Waingereza huitumia kwa jambo lililotangulia jambo jingine lililokwisha kupita, na katika habari za Mzee hapakuwa na jambo jingine lolote zaidi ya safari ya kipuri. Mimi nilifurahi kwamba hatimaye tunazungumza wakati mmoja. Mwezi uliopita Mzee alikuwa na malaria, kwa hiyo nikajibu kwamba ndiyo, aliumwa sana. Akauliza, karibu kwa kunong'ona, ilikuwaje basi asubuhi hii.

Nikajibu: "By bus."

Kijana aliacha kuandika. Wakati huohuo akatokea mke wa Mwenyekiti na bakuli la mlenda, ugali wa uwele ukiletwa nyuma yake, na nikamtambulisha. Mama alimkumbatia bakuli likiwa katikati yao, machozi yakimtiririka, na mlenda ukaivutia blauzi yake nyuzi ndefu zilizokataa kukatika. Mama Mwenyekiti, ambaye hajui Kiingereza, alidhani mgeni ana njaa kali. Akacheka kwa furaha, akasema kipo kingi, ale mpaka ashibe. Mgeni akaniambia hajapata kuona mwanamke jasiri kiasi hicho, akafungua mkoba, akatoa bahasha na kuikabidhi kwa mikono miwili. Kisha akaomba wote tusimame kimya kwa dakika moja, na wanaushirika, walipoona wageni wameinamisha vichwa, wakasimama wakidhani ni sala ya chakula.

Mimi nilikuwa nimefumba jicho moja tu. Kwa hilo jingine niliiona bodaboda ikikunja kwenye mbuyu. Nikamwona Mzee anashuka, analipa, anahesabu chenji, anakung'uta vumbi. Akaja na kipuri kwapani, akatuamkia kwa sauti yake ile ya mikutano: "Mbukwenyi!" Hakuna aliyeitika. Mzee ni mtu mwenye adabu. Alipotuona katika hali ile alielewa kwamba kuna msiba. Akavua kofia, akakiweka kipuri chini polepole kisipige kelele, akajipenyeza kati yangu na mama mgeni, akainamisha kichwa. Sekunde zikapita. Kijana alikuwa akiangalia saa yake. Mzee akanisogelea sikioni, akauliza kwa huzuni ya kweli: "Mwanangu, nani tena katutoka?"

Msiniulize nilimjibu nini. Dakika ilipokwisha, kijana akasema maneno mafupi ya kumwombea, Mzee akaitikia amina kuliko sisi sote, na mama akamgeukia akampa mkono wa pole. Hapo ulimi wangu, kwa mara ya kwanza siku hiyo, ukaukubali wakati uliopo: "This is the chairman."

Yaliyofuata hayana haja ya kurefushwa. Mama aliketi chini kwanza, ndipo akacheka, kijana alifuta kurasa kadhaa, Mzee, alipotafsiriwa na dereva, alicheka mpaka akashikilia nguzo ya mzabibu, tukala, tukaondoka.

Shauri lililobaki ni la bahasha. Mama mgeni alikataa kuirudishiwa, akisema iwasaidie wahusika, na wahusika ndio hawajapatana. Mzee anasema marehemu ni yeye, hivyo hakuna mwenye haki kubwa kuliko yake. Mkewe anasema tangu lini marehemu akala rambirambi, mfiwa yupo? Jana wamenipigia simu niende kuamua, na nauli nijilipie mwenyewe.